Kusoma Chuo Ukiwa Iguguno

Wanaodhani kwamba kusoma chuo ukiwa kijijini kwako ni jambo lililoletwa na kompyuta, hawajakaa na wazee wetu wakazungumza nao. Hapa Iguguno, kwenye barabara kuu itokayo Singida kwenda Nzega hadi Mwanza, wapo walimu wastaafu waliosomea ualimu nyumbani kwao katika miaka ya 1970, bila umeme, bila simu na bila kuhama kijiji. Walifundisha, wakasoma, na mvua ziliponyesha wakalima mtama na uwele kama majirani zao. Chuo chao kilikuwa vijitabu, redio, na mkufunzi aliyekuja kukaa nyuma ya darasa na kuwatazama wakifundisha.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa hapa, wilayani Mkalama. Stashahada yangu nimeisomea kwenye Moodle, mfumo wa programu huria ambao vyuo vingi vya Tanzania sasa vinautumia kuweka masomo, kupokea kazi za wanafunzi na kuendesha mijadala. Chuo chenyewe sikitaji, maana nitakayoyasema yanavihusu vingi. Kinachonisukuma kuandika ni hiki: vyuo vyetu vikieleza habari za mfumo huo, huanzia siku seva ilipowashwa. Kabla ya siku hiyo kulikuwa na zaidi ya miaka thelathini ya Watanzania kusoma mbali na chuo, na yale waliyojifunza walioiendesha kazi hiyo yanatuhusu leo kuliko wakati mwingine wowote.

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo 1977. Lengo la awali lilikuwa 1989. Kwa uamuzi mmoja miaka kumi na miwili ilifutwa, na swali likabaki moja: walimu watatoka wapi? Vyuo vya ualimu vilivyokuwapo, hata kama vingejaza mabweni yote, visingeweza kuwatoa kwa wakati. Ndipo kuanzia 1976 wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapangiwa shule katika maeneo yao, wakaanza kufundisha huku wakisomea kazi ileile. Mafunzo yalikuwa ya miaka mitatu. Kulikuwa na masomo yaliyoandikwa kwa ajili yao, vipindi vya redio, wakufunzi wa kuwasimamia, na mwishoni walikwenda chuoni kwa majuma sita kabla ya mtihani. Watu takriban 45,000 waliingia katika mpango huo kabla haujafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Nchi haikuanza kubahatisha kwa walimu hao. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ilikuwa imeanza masomo kwa njia ya posta mwaka 1972. Redio nayo ilikuwa imeshajaribiwa kwa watu wengi zaidi. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu takriban milioni mbili katika vikundi: wanasikiliza kipindi, wanasoma kijitabu, wanajadili, kisha wanakwenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio pekee haikuachiwa kazi yote. Kila kikundi kilikuwa na kiongozi aliyefunzwa, na kikundi kilipaswa kutoka na uamuzi wa jambo la kufanya. Waliobuni utaratibu huo walijua kwamba mtu anayesikiliza peke yake husahau, na anayejadiliana na wenzake hufanya.

Jirani yangu mmoja, ambaye watu wote hapa humwita Babu Mwalimu, alipitia mpango ule wa walimu. Bado ana sanduku la bati lenye vijitabu vyake, kingo zake zikiwa zimeliwa na mchwa. Kila nikienda kumsalimia, tukimaliza habari za shamba, humwomba anifungulie. Katika andalio moja la somo la sehemu, aliloliandika kwa kalamu ya wino wa bluu, mkufunzi amepigia mstari mwekundu hatua ya tatu, na pembeni amemuuliza watakuwa wanafanya nini wale wasioelewa nusu wakati yeye ameshafika kwenye robo. Babu Mwalimu ana kumbukumbu ya redio pia. Anakumbuka jinsi walivyoanika betri juani ili zitoe sauti siku moja zaidi, na jinsi kipindi kilivyopita bila kurudi kama siku hiyo ulikuwa shambani. Lakini kitu alichokingojea kwa hamu, anasema, ni madaftari kurudi. Yakichelewa, aliona kama ametupwa. Yakirudi yakiwa na wino mwekundu, aliyasoma njiani kabla hajafika nyumbani.

Najua yanayosemwa juu ya walimu wa UPE, kama walivyoitwa walimu wa mpango huo wa elimu ya msingi kwa wote. Jina hilo limetumika kama tusi kwa miaka mingi, na ni kweli kwamba vijana wa miaka kumi na sita au kumi na saba walibebeshwa madarasa makubwa mno. Lakini mimi nimefundishwa kusoma na mmoja wao. Alikuwa na mwandiko mzuri ubaoni, aliijua kila nyumba ya mwanafunzi wake, na hakukubali mtoto apite darasa la pili bila kusoma sentensi. Mafunzo yake yalikuwa na upungufu, ila mtu alikuwa akiyasoma maandalio yake na kumrudishia.

Mwaka uleule wa Azimio la Musoma, 1974, serikali ilizuia kuingiza kompyuta nchini bila kibali maalumu. Zuio hilo lilidumu miaka mingi, na matokeo yake tuliingia miaka ya 1990 tukiwa na uzoefu mkubwa wa kufundisha kwa mbali na uzoefu mdogo sana wa mashine. Uzoefu huo wa kwanza ndio uliozaa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Kilianzishwa kwa Sheria Na. 17 ya mwaka 1992, kikaanza kazi rasmi Machi 1993 chini ya Makamu Mkuu wa Chuo wa kwanza, Profesa Geoffrey Mmari, na kupokea wanafunzi wa kwanza mwaka 1994. Mwanzoni kilitegemea kwa sehemu kubwa vitabu vya vyuo vingine, vikiwemo vya Chuo Kikuu cha Nairobi na vya Chuo Kikuu Huria cha Indira Gandhi cha India, huku walimu wake wakiandika vya kwao. Kikafungua vituo mikoani, Singida ukiwa mmojawapo.

Kwa mwalimu wa kijijini hilo lilikuwa badiliko kubwa kuliko inavyoelezwa. Kabla yake, mwalimu aliyetaka shahada aliomba ruhusa, akaacha darasa, akaacha familia, akaenda Dar es Salaam miaka mitatu au zaidi. Wengi hawakuomba kamwe. Sasa alipanda basi asubuhi kwenda Singida mjini, akachukua vitabu, akakutana na wenzake, na jioni akawa amerudi kwake. Nimewafahamu walimu waliosoma hivyo kwa taa ya chemli, wakiwa na watoto wadogo mgongoni na alizeti ya kuvuna shambani. Mkutano wa ana kwa ana ulipotangazwa walikwenda wakiwa na maswali yaliyojaa daftari, maana hawakujua lini tena watamwona mhadhiri.

Ulimwenguni nako mambo yalikuwa yakienda. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilianzisha Chuo Kikuu Pepe cha Afrika, ambacho baadaye makao yake yalihamia Nairobi. Mihadhara ilirushwa kwa setilaiti kutoka vyuo vya nje na kuangaliwa Afrika. Sikuwahi kuiona, lakini nikisoma habari zake naona tatizo la redio likirudi na gharama kubwa zaidi: somo linatoka juu, linapita, na anayesikiliza hana mlango mpana wa kujibu. Vyuo vikuu vilivyokuwa na uwezo vikaanza kutumia mifumo iliyowapa wanafunzi mahali pa kuingia wenyewe. Iliyovuma wakati huo ilikuwa WebCT, iliyobuniwa na Murray Goldberg katika Chuo Kikuu cha British Columbia nchini Kanada, na Blackboard ya Marekani. Zote mbili zilikuwa mali ya kampuni. Chuo kililipa leseni, na leseni iliisha, ikalipiwa tena.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipita njia hiyo. Kilitumia WebCT, kikatumia Blackboard, kisha kikahamia Moodle. Sababu ya leseni inaeleweka haraka: ni malipo ya dola yanayorudi, katika nchi ambayo bajeti ya chuo hupangwa kwa shilingi na hufika kwa mafungu. Lakini kuna sababu ya pili ambayo naiona kubwa zaidi. Mwenye leseni ndiye mwenye uamuzi. Blackboard iliinunua WebCT, ununuzi ukakamilika mwaka 2006, na vyuo vilivyokuwa vimejenga masomo yao yote ndani ya WebCT vikajikuta mikononi mwa kampuni ambayo havikuichagua. Chuo kikubwa cha Ulaya kinaweza kuhimili mtikisiko kama huo. Chuo kidogo cha kwetu, chenye wataalamu wawili wa kompyuta na umeme wa mgawo, kinaumia.

Moodle ilitoka mahali pengine kabisa. Martin Dougiamas, aliyeitengeneza, alilelewa katika makazi ya jangwani huko Australia Magharibi, mbali na mji wowote. Akiwa mtoto alisoma kwa redio ya masafa mafupi: mwalimu alikuwa mamia ya kilomita mbali, na karatasi za kazi zililetwa kwa ndege. Baadaye, akiwa Perth, alisimamia mfumo wa WebCT katika Chuo Kikuu cha Curtin, akauona ulivyokuwa na mipaka, akaanza kuandika wa kwake. Toleo la kwanza kamili lilitoka tarehe 20 Agosti 2002, kwa leseni huria: mtu yeyote auchukue, autumie, aufungue, aubadilishe, na akiusambaza awape wengine haki hiyohiyo.

Nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza nilitoka nje nikaenda kumwambia Babu Mwalimu. Mtoto wa jangwani na kijana wa Iguguno wa mwaka 1977, kila mmoja ameinamia redio akimsikiliza mwalimu asiyemwona. Hakushangaa sana. Alitaka kujua kama kule jangwani yule mtoto aliweza kumjibu mwalimu papo hapo. Nikamwambia ndiyo, redio yao ilikuwa ya kupokea na kutuma. Akasema basi wenzetu walikuwa wametangulia.

Jambo hilo la kujibizana limo ndani ya Moodle yenyewe. Dougiamas aliamini kwamba watu hujifunza vizuri zaidi wanapotengeneza kitu kwa ajili ya wenzao wakisome na kukijadili. Ndiyo maana tangu mwanzo jukwaa la majadiliano lilikuwa kiini cha mfumo wake, halikuwa pambo la pembeni. Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha Mtu ni Afya angelitambua wazo hilo mara moja.

Afrika nayo haikukaa kupokea tu. Chuo Kikuu cha Western Cape nchini Afrika Kusini kilitengeneza mfumo wake wa programu huria uitwao KEWL, kikajenga mtandao wa vyuo vya Afrika vya kuuendeleza pamoja. Hapa kwetu, Idara ya Sayansi ya Kompyuta ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, iliendesha mradi wa Kilinux, na mwaka 2004 ikatoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini inayozungumza Kiswahili kuanzia menyu hadi maelezo ya makosa. Kazi hiyo iliwezekana kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi. Hakuna aliyehitaji kuomba kampuni ya mbali ione kwamba Waswahili ni soko. Kifurushi cha Kiswahili cha Moodle kipo pia. Hata hivyo Moodle niliyosomea mimi ilikuwa ya Kiingereza kila kitufe, na nimewaona walimu wa makamo, watu wenye akili na bidii, wakishindwa kutuma kazi kwa sababu ya kuogopa kubofya mahali wasipopaelewa. Natamani chuo chochote chenye idara ya Kiswahili kiwape wanafunzi wake tafsiri hiyo kuwa kazi ya mwaka.

Programu huria inasemwa kuwa ni ya bure, na wakuu wa vyuo hulipenda neno hilo. Ni bure kama shamba la kupewa: ardhi hukuilipia, palizi ni yako. Seva inanunuliwa. Umeme ukikatika jenereta inataka mafuta. Nakala za akiba lazima zichukuliwe, matoleo mapya yawekwe, na mtaalamu anayejua kazi hiyo alipwe vizuri asije akaenda benki. Zaidi ya hayo yote, mhadhiri anahitaji saa za kukaa mle ndani, na saa hizo lazima zihesabiwe katika mzigo wake wa kazi. Vyuo vilivyochukua Moodle kwa ajili ya kukwepa leseni, halafu vikakataa gharama hizi nyingine, viliishia na mfumo unaofunguka Jumatatu na kulala Alhamisi.

Hata hivyo Iguguno ingebaki nje ya habari hii yote kama si nyaya. Julai 2009 mkongo wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kupitia chini ya bahari, na mwaka uliofuata ukaja wa EASSy. Kabla ya hapo vyuo vilitegemea setilaiti, ghali na ya polepole. Serikali ikajenga Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano kuelekea mikoani. Simu zikaboreka, minara ikaongezeka, na simujanja za bei nafuu zikafika kwenye maduka ya barabarani. Mwalimu wa hapa hakuwahi kumiliki kompyuta. Aliruka moja kwa moja kutoka kitabu hadi simu. Hilo wasimamizi wengi wa mifumo hawalizingatii. Wanapanga kurasa kwa ajili ya kioo kipana, halafu anayezisoma ameshika kioo cha ukubwa wa kiganja, chenye ufa, na bando lake linaisha saa sita usiku.

Mimi nilisoma hivyo. Programu ya Moodle ya simu inaruhusu kupakua somo zima pale mtandao ulipo mzuri, ukalisoma na hata kuandika majibu bila mtandao, kisha simu ikatuma yenyewe ukirudi kwenye mawimbi. Ni jambo dogo, na ndilo lililoniwezesha kumaliza. Nilinunua bando la usiku, nikapakua, nikazima data. Kesho yake nilisoma wakati wa mapumziko, au nikiwa nimekaa juu ya magunia ya alizeti nikingoja zamu kwenye mashine ya kukamua.

Somo moja naliweka juu ya mengine yote. Lilikuwa la kufundisha hisabati madarasa ya chini. Niliandika jukwaani kwamba darasani kwangu, nikiwapa 52 kutoa 27, watoto wengi huandika 35. Nilikuwa nimewaeleza tena na tena, na bado. Nilitegemea mkufunzi anipe mbinu. Akanijibu kesho yake, na jibu lake lilikuwa swali: je, nimewahi kumwomba mtoto mmoja anieleze kwa mdomo alivyopata ile 5? Sikuwahi. Nikamwita msichana mmoja mwenye bidii, nikamwambia anifundishe mimi. Akasema bila wasiwasi kwamba huwezi kutoa saba kwenye mbili, kwa hiyo ametoa mbili kwenye saba, kisha mbili kwenye tano, akapata tatu na tano. Alikuwa na kanuni, na aliifuata kwa uaminifu kila mara. Kumbe maelezo yangu yote yalikuwa yakijibu swali ambalo hakuwa nalo.

Nikayaandika hayo jukwaani. Mwalimu mwenzetu aliyekuwa akifundisha upande wa Newala akaeleza anavyotumia vijiti: kumi vinafungwa fungu moja, na mtoto haruhusiwi kuandika chochote mpaka amefungua fungu kwa mikono yake na kuona vijiti kumi vinajiunga na vile viwili. Mwingine akaongeza kwamba visoda huteleza, vijiti ni bora. Wa tatu akauliza tunafanyaje darasa likiwa na watoto zaidi ya mia. Mkufunzi akaingia tena, akatugawa tujaribu njia mbili na kurudi na kazi za watoto, tuzipige picha. Nilikata mabua, nikafunga mafungu kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Mjadala ule ulidumu majuma kadhaa na ulinifunza zaidi ya kitabu chote cha somo hilo. Watu watano tusiofahamiana sura, kila mmoja na darasa lake, na mtu mmoja mwenye ujuzi akituongoza kwa maswali. Lile andalio la Babu Mwalimu la somo la sehemu, na lile swali la wino mwekundu pembeni, ni kazi ya aina hiyohiyo.

Masomo mengine katika mfumo uleule yalikuwa tofauti kabisa. Unafungua, unakuta faili za PDF kumi na mbili, nyingine zimepigwa picha upande, na tarehe ya mwisho ya kutuma asaimenti. Jukwaa lipo, na ndani yake kuna maswali ya wanafunzi yaliyopangana bila jibu hata moja. Swali la mwezi wa tatu, la mwezi wa nne, la mwezi wa tano. Kazi unatuma, mfumo unakuambia imepokelewa, halafu alama inatokea siku moja: 14 kati ya 20. Zile sita zimeenda wapi, hujui na hutajua. Niliwahi kuandika swali langu mara ya pili nikidhani la kwanza halikuonekana.

Haya si ya chuo kimoja. Joel Mtebe wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyetafiti mifumo hii kwa miaka mingi, alichapisha mwaka 2015 makala kuhusu namna vyuo vya Afrika Kusini mwa Sahara vilivyowekeza katika mifumo ya kujifunzia huku matumizi yake yakibaki madogo. Anayepita vyuo vyetu ataona kwamba matumizi makubwa zaidi ni kuweka noti. Mfumo uliojengwa kwa ajili ya mazungumzo umekuwa kabati. Na kabati tulikuwa nalo zamani. Lile la Babu Mwalimu ni sanduku la bati, na halihitaji bando.

Tarehe 18 Machi 2020, vyuo vilipofungwa kwa ajili ya korona hadi Juni Mosi, kabati hilo lilionekana waziwazi. Vyuo vingi vilivyokuwa na Moodle kwa miaka mingi havikuweza kuendelea, kwa sababu wahadhiri wengi hawakuwahi kufundishia mle, na wanafunzi wengi walikuwa wamerudi kwao wakiwa na simu tu. Wakati huo ndipo ningetamani mtu mmoja aliyeendesha mpango wa 1976 aitwe aulizwe mliwezaje.

Sasa sisi walimu tulio kazini tuna Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, tunayoyaita MEWAKA. Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka masomo kwenye mfumo wa mtandao, tunayafungua kwa simu, na shuleni tunakutana katika Jumuiya za Kujifunza kuyajadili. Mpango huo naupenda, na ninaupenda kwa sababu ya ile sehemu ya pili. Siku ya jumuiya tunakaa kwenye madawati ya darasa la sita baada ya watoto kuondoka. Mmoja anasoma kwa sauti kutoka kwenye simu yake, mwingine anabisha, mwingine anasema alijaribu na ikashindikana akieleza kwa nini. Utaratibu huu wa kusoma, kujadili na kwenda kufanya ndio ule wa mwaka 1973, na haujachakaa. Kinachokosekana bado ni mtu wa upande wa pili: tukitoka na swali gumu, hatuna mkufunzi wa kulijibu kwa jina lake kabla hatujalisahau.

Vijana wa hapa wanaomaliza kidato cha nne na cha sita huja kuniuliza wasome chuo gani kwa mtandao. Ninawaambia wasiulize kwanza ada wala jina. Watafute mwanafunzi anayesoma pale sasa, wamwombe awaonyeshe kwenye simu yake kazi moja aliyorudishiwa, waone kama kuna maneno ya mwalimu au tarakimu peke yake.

Na kwa vyuo pia nina ombi, ambalo haligharimu leseni. Moodle huandika kila tendo linalofanyika ndani yake: nani ameingia, amefungua nini, ameuliza lini, amejibiwa lini na nani. Kumbukumbu hizo zimo kwenye seva ya chuo chenyewe, na kwa kuwa mfumo ni huria, mtaalamu wa chuo anaweza kuzitoa bila kumwomba mtu ruhusa. Atoe kwa kila somo siku ambazo swali la mwanafunzi hukaa kabla ya kujibiwa, na siku ambazo kazi hukaa kabla ya kurudi ikiwa na maelezo. Chuo kizichapishe hesabu hizo kila muhula, somo kwa somo, kwenye ukurasa uleule kinapotangaza nafasi za masomo, ili mzazi wa Iguguno anayeuza magunia yake ya vitunguu kulipa ada azione kabla hajalipa.